Chai, Sukari na Barafu: Historia Fupi ya Kipimo cha Utamu, Kutoka Pwani hadi Nyamwaga

Maneno matatu hukutana katika bilauri moja ya chai ya barafu, na kila moja lina safari yake. Chai ni neno lililotoka Uchina, likapita Uajemi na Bara Hindi kabla ya kufika pwani ya Afrika ya Mashariki. Sukari ni neno la Kiarabu, nao Waarabu walilipokea kwa Waajemi, na Waajemi kwa watu wa Bara Hindi, ambako katika Kisanskriti asili yake ilikuwa na maana ya changarawe. Barafu ni neno la Kiajemi lenye maana ya theluji. Kinywaji hiki, basi, ambacho wengi hukidhania kuwa mgeni aliyefika jana kutoka Marekani, kimeundwa kwa vitu ambavyo Kiswahili kilikwisha kuvipa majina zamani. Lililo geni ni kuvikutanisha tu.

Mkutano huo wa vitu vitatu wastahili kuchunguzwa katika mahali mbali na bandari, kwa kuwa habari za bandarini zimeandikwa mara nyingi. Nyamwaga, katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, ni mahali pa kufaa. Huko historia ya chai yaonyesha wazi jambo ambalo pwani hufichwa na wingi wa bidhaa: kwamba suala kubwa la chai halikuwa majani wala maji, bali ni nani mwenye haki ya kukadiria utamu wake.

Nyamwaga imo katika nchi ya Wakurya, mashariki ya mji wa Tarime, baina ya mpaka wa Kenya na mto Mara. Nayo ndiyo makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime. Nchi ile ni ya vilima, yenye hewa ya ubaridi kuliko mwambao wa Ziwa Viktoria, na wenyeji wake ni wafugaji na wakulima. Vinywaji vya kale vya nchi ni maziwa, mabichi na ya mgando, yaliyotunzwa katika vibuyu. Uji wa nafaka. Na pombe ya wimbi na mtama. Utamu uliotafutwa ulikuwa ule wa asali. Hapakuwa na kinywaji ambacho mwenye nyumba alipaswa kukitia utamu kwa ajili ya mgeni wake kwa kitu kilichonunuliwa kwa fedha. Desturi hiyo ililetwa na chai.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi hizi, nao wakapiga mstari kutoka Kilimanjaro hadi pwani ya mashariki ya Ziwa Viktoria, mahali panapokatwa na nyuzi moja ya kusini ya Ikweta. Mstari huo uliwakata Wakurya vipande viwili. Hapana mtu aliyefikiri siku ile kwamba alikuwa akiandika pia historia ya birika la chai; lakini ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu tangu hapo majani na sukari vilifika Tarime kutoka pande mbili, na kila serikali ilipofungua au kufunga njia, birika lilijua.

Pwani yenyewe ilikuwa nchi ya kahawa kabla ya kuwa nchi ya chai. Biashara kubwa ya majani ya chai ya Bara Hindi ilianza baada ya chai ya Assam kuuzwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1839. Katika Tanganyika mimea ya chai ilipandwa na Wajerumani kwenye kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, kisha Rungwe mwaka 1904. Upande wa Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yakafungua mashamba ya Kericho. Baada ya hapo zao likaingia katika milima ya Kisii, ambayo haiko mbali na Tarime. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikachukua bidhaa hadi Musoma na Mwanza. Kutoka bandari hizo maduka ya Wahindi yalipeleka bara chumvi, nguo, sabuni, sukari na vifuko vidogo vya majani.

Chai haikupokewa na wote. Kanisa la Waadventista Wasabato, lililofungua kituo cha Gendia upande wa Kenya mwaka 1906 na likaenea miongoni mwa Wajaluo, Wakisii na Wakurya, hufundisha waumini wake wajiepushe na pombe, tumbaku, kahawa na chai ya majani. Hata hivyo neno chai halikufukuzwa pamoja na majani. Nyumba isiyotumia majani yaweza kuchemsha mchaichai, na kinywaji hicho huitwa chai vilevile. Hapa lugha yatoa ushahidi wa maana. Kwa Mwingereza, jina hilo ni la mmea; katika Kiswahili limekuwa jina la tendo na la wakati: kunywa chai ni kula kifungua kinywa, hata kama kilicho kikombeni ni uji au maziwa. Kilichoshikamana na jina si jani, bali ni moto, utamu na ukarimu.

Ukarimu huo ulitegemea sukari, na sukari ina historia kali kuliko ya majani. Katika karne ya kumi na tisa mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalitoa sukari kwa kazi ya watumwa. Na Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita juu ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmojawapo wa wenye mashamba hayo. Sukari guru, ambayo nusu ya jina lake yatoka Bara Hindi, ilijulikana pwani kabla ya sukari nyeupe kuenea. Viwanda vikubwa vilifuata: Miwani karibu na Kisumu katika miaka ya 1920, Arusha Chini katika miaka ya 1930, na Kilombero mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1979 kiwanda cha Awendo, katika Nyanza ya Kusini, kilianza kazi. Kutoka Tarime, kiwanda hicho ni karibu mno kuliko kiwanda chochote cha Tanzania.

Lakini ukaribu wa njia si ukaribu wa sheria. Mwezi wa Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, wala haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katika miaka hiyohiyo vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliharibu kiwanda cha sukari cha Kagera na kumaliza akiba ya serikali, na nchi nzima ikapata upungufu wa sukari, sabuni, chumvi na nguo. Neno magendo likawa neno la kila siku. Mwaka 1983 serikali ilianza msako wa watu walioitwa wahujumu uchumi, na sukari iliyofichwa ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotafutwa. Kwa watu wa mpakani jambo hili lilikuwa na uchungu wa pekee: kitu kilichopatikana ng’ambo kwa mwendo wa miguu kilikuwa kosa kukibeba.

Upungufu huo waeleza mengi juu ya desturi ya kutia sukari ndani ya birika. Katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya chai ya maziwa hupikwa yote pamoja: maji, majani, maziwa na sukari. Mgeni hupewa kikombe ambacho utamu wake umekwisha kukatwa na mpishi. Desturi hiyo ina hekima yake, kwa kuwa sukari huyeyuka upesi katika maji ya moto, na birika moja huwatosha wengi bila kijiko kupita mkono hadi mkono. Lakini ina siasa yake pia. Penye wingi, mpishi huzidisha sukari ili aonyeshe heshima. Penye dhiki, hupunguza, na mgeni hutambua kwa ulimi hali ya nyumba kabla hajaambiwa. Mgeni hawezi kusema kwamba chai ni tamu kupita kiasi bila kuonekana anaikataa heshima, wala kwamba haina sukari bila kuwatia wenyeji aibu. Kwa sababu hii utamu wa chai ukawa maneno yasiyosemwa baina ya mwenyeji na mgeni.

Sehemu ya tatu ya habari hii ni barafu. Kwa muda mrefu barafu ilikuwa bidhaa ya kukatwa maziwani wakati wa baridi na kusafirishwa ndani ya unga wa mbao. Mwaka 1833 mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, alipeleka shehena ya barafu hadi Calcutta. Mwaka huohuo Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja, na merikebu za Salem, mji jirani wa Boston, zikazidi kuja kununua pembe na sandarusi. Bahari moja, basi, ilikuwa ikipokea barafu upande mmoja na kutoa pembe upande mwingine.

Kuhusu chai ya barafu yenyewe, husimuliwa mara kwa mara kwamba ilizaliwa katika maonyesho makubwa ya St. Louis mwaka 1904, pale Richard Blechynden, aliyekuwa akitangaza chai ya Bara Hindi, aliposhindwa kuwauzia watu chai ya moto wakati wa joto kali, akaimimina juu ya barafu. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haisimami mbele ya maandishi: kitabu cha mapishi cha Virginia kilichochapishwa mwaka 1879 chaeleza tayari namna ya kuitengeneza. Maonyesho yaliieneza tu. Katika majimbo ya kusini ya Marekani ilistawi desturi ya kutia sukari nyingi chai ingali moto, kisha kuipoza. Yaani mpishi ndiye aliyekata utamu, kama ilivyo katika birika la Tarime. Watu wa mabara mawili, bila kufundishana, walifikia suluhisho moja kwa sababu sukari ni ileile.

Vijijini Tanzania barafu ilichelewa kwa sababu umeme ulichelewa. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo za umeme zimefika vijiji vingi ambavyo zamani baridi yake pekee ilikuwa ya mtungi. Baridi ya mtungi haifai kudharauliwa. Maji hupenya kidogokidogo katika udongo wa chombo, hukauka kwa nje, na katika kukauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Nyumba isiyo na jokofu yaweza kunywa chai baridi safi kwa kuitia katika chombo cha udongo kilicho safi na kukiweka kivulini penye upepo.

Katika utengenezaji wenyewe, historia yote iliyotangulia yarudi kwa umbo la kanuni za jikoni. Kwanza, chai ifaayo ni ile isiyo na maziwa, kwa kuwa ndimu hukata maziwa. Huitwa chai ya rangi, na pwani huitwa pia chai ya mkandaa, kwa kufananishwa na rangi ya gome la mti wa mikokoni. Mfano huo ni sahihi kuliko walivyodhani walioutunga: gome la mkandaa lilitumika kutengenezea ngozi, na ukakasi wake ni wa jamii moja na ukakasi wa majani ya chai. Ukakasi huo ndio wa kuchungwa. Chai nyingi ya Afrika ya Mashariki husagwa kwa mashine ya namna iliyobuniwa Assam katika miaka ya 1930, nayo hutoa rangi na ukali upesi. Kwa hiyo majani yasichemshwe kama yanavyochemshwa pamoja na maziwa. Nusu lita ya maji yaliyochemka yamiminwe juu ya vijiko vinne au vitano vya chai vya majani, yafunikwe kwa dakika nne, kisha yachujwe.

Pili, barafu isipotezwe. Kuyeyusha gramu 1 ya barafu huchukua joto la kalori 80. Nusu lita ya chai yenye joto la digrii 90 yaweza kuyeyusha gramu 560 hivi za barafu kabla haijafikia ubaridi wa barafu yenyewe. Lakini chai hiyohiyo, ikiachwa kwanza ipoe hadi digrii 25, huyeyusha gramu 150 tu na kidogo. Mahali ambapo barafu hununuliwa kwa fedha, au ambapo jokofu ni dogo, tofauti hiyo si ndogo. Chai ipoe basi yenyewe mezani, iongezwe maji ya mtungi yaliyochemshwa ili ifikie ukali unaotakiwa, ndipo itiwe barafu. Kupoa polepole kuna faida nyingine: chai kali ikipozwa ghafula hufanya ukungu, kwa kuwa viambato vyake hushikamana katika baridi. Ukungu huo hauna madhara, na maji kidogo ya moto huuondoa. Barafu yenyewe igandishwe kwa maji yaliyochemshwa, maana kugandisha hakuui vijidudu vyote.

Tatu ni utamu, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Husemwa kwamba maji baridi hayayeyushi sukari. Si kweli. Maji ya digrii 20, kiasi cha gramu 100, yaweza kuyeyusha karibu gramu 200 za sukari. Kasoro ya baridi ni uvivu, si ukosefu wa nguvu. Sukari iliyotiwa katika bilauri ya barafu hutuama chini kama changarawe, sawasawa na maana ya kale ya jina lake, na mnywaji aliyekwisha kunywa chai isiyo na ladha hukutana na utamu wote katika funda la mwisho. Dawa yake ni shira.

Shira ni neno la asili ya Kiajemi ambalo jiko la Waswahili lilikuwa nalo kabla chai ya barafu haijasikika. Ndiyo inayomwagiwa kaimati na kuvishwa visheti. Kwa ajili ya chai haina haja ya kuwa nzito: kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji vikichemshwa hadi sukari iyeyuke yote, vyatosha. Tangawizi au iliki yaweza kuchemshwa humo. Kijiko kikubwa kimoja cha shira hiyo kina sukari ya karibu gramu 8, yaani kama vijiko viwili vya chai. Shira ya sukari guru ina rangi nyeusi zaidi na ladha ya miwa, na hupatana vizuri na tangawizi.

Mpangilio wa kuonja nao una sababu. Baridi hupunguza uwezo wa ulimi kutambua utamu, kwa hiyo chai iliyokatwa utamu ingali moto huonekana pungufu ikisha kupoa. Ndimu huzidisha uchachu na kuufunika utamu, nayo pia huifanya rangi ya chai iwe nyepesi. Barafu inayoyeyuka huongeza maji. Kwa hiyo ndimu itangulie, kisha barafu, na shira iwe ya mwisho, kijiko kimoja kimoja, kila mtu katika bilauri yake. Anayepata chai kali mno aongeze maji, asiongeze shira. Kwa maana wengi huzidisha utamu kwa kutaka kuponya ukakasi, na ukakasi hauponi kwa sukari, hufichika tu.

Jambo hili si la anasa peke yake. Kiswahili kimetoa katika neno sukari jina la ugonjwa, kisukari, na jina hilo leo husikika katika hospitali za wilaya kama linavyosikika mjini. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 10 kwa mia ya nguvu ya chakula cha siku, na kwamba kuishusha hadi sehemu 5 ni bora zaidi. Kiasi hicho cha pili ni karibu gramu 25 kwa mtu mzima. Vijiko vikubwa vitatu vya shira vyakimaliza. Mgeni mwenye kisukari aliyeketi mbele ya birika lililokwisha kutiwa sukari ana njia mbili tu: kunywa na kuumia, au kukataa na kuonekana mwenye dharau. Mbele ya chai isiyo na sukari na kibakuli cha shira, ana njia ya tatu, wala hahitaji kutangaza ugonjwa wake.

Limebaki suala la jina, ambalo wataalamu wa lugha hawana budi kulikata kwa uangalifu. Chai baridi, katika matumizi ya kawaida, ni lawama: ni chai iliyosahauliwa, ambayo haifai kumpa mgeni. Chai ya barafu yataja kitu kilichokusudiwa. Majina haya mawili hayapaswi kuchanganywa, kwa kuwa katika nchi ambako chai imekuwa kipimo cha heshima, jina la kwanza laweza kuutia unyonge ukarimu wa mwenyeji aliyehangaika kutafuta barafu. Mama wa Nyamwaga aletaye sinia yenye chai ya rangi iliyopozwa, vipande vya ndimu, barafu na shira kando, hajaiacha desturi ya birika. Heshima ile ile ameitoa. Ila kijiko amemwachia mgeni.